Zulia la Kulabu: Vitanzi vya Sufu Juu ya Kitani

Mazulia ya kulabu, ambayo vitanzi vyake huvutwa kwa kulabu kupitia matundu ya kitambaa, yalishamiri karne ya 19 katika jimbo la Maine, Marekani, na katika Nova Scotia na Newfoundland, Kanada ya leo. Magunia ya juti yalipopatikana kwa wingi, watu waliyapasua, wakayawamba kwenye fremu na kuyajaza vitambaa vya nguo zilizochakaa. Mwaka 1868 mchuuzi wa mji wa Biddeford, Maine, Edward Sands Frost, alianza kuchapa michoro juu ya magunia kwa vibati alivyovikata mwenyewe, ndiyo maana maua yaleyale hukutwa kwenye mazulia ya nyumba nyingi tofauti.

Gunia usilitumie. Juti hukauka na kukatika, nayo mazulia mengi ya zamani yamepasukia pale yalipokunjwa. Chukua kitani kilichofumwa wazi.

Kwa zulia la sentimita 40 kwa 40, kata kitani cha 60 kwa 60 na ushone kingo zisifumuke. Chora mipaka kwa kufuata uzi mmoja wa mtande (nyuzi za urefu) na mmoja wa mshindio (nyuzi za upana). Ukitumia rula peke yake zulia litakwenda upande. Sufu (kitambaa, si uzi) inatakiwa mara nne hadi tano ya eneo la mchoro. Ifue kwa maji moto ishikamane, kisha ikate vipande virefu vya upana wa milimita 6.

Wamba kitani kikaze kama ngoma. Mkono mmoja ushike kipande chini ya kitani, mwingine kulabu juu. Chomeka, nasa kipande, toa ncha yake juu. Tundu linalofuata, vuta kitanzi kimoja cha urefu wa milimita 6, sawa na upana wa kipande. Hapa ndipo wengi hukwama: wakivuta kitanzi kipya, kile cha nyuma huzama. Inamisha kulabu kuelekea kitanzi kilichotangulia unapovuta, kitabaki mahali pake.

Usijaze kila tundu. Vitanzi viguswane tu. Ukivisonga, zulia litajikunja kama bakuli, na pasi hailinyooshi. Kipande kikiisha, toa ncha juu, anzia kingine tundu lilelile, ukate ncha zote usawa wa vitanzi. Ukitaka kuhamia sehemu nyingine, kata kipande. Usikipitishe juu ya vingine huko chini, kwa sababu uvimbe huo hukanyagwa na kulika mapema. Vuta vitanzi vya mistari ya umbo kwanza, ukikaa upande wa ndani wa mchoro, maana vitanzi hutanuka. Mandharinyuma yaje mwisho.

Ukimaliza, tandika taulo bichi na ukandamize pasi moto bila kuisugua, pande zote mbili. Acha likauke limelala. Punguza ukingo, ukunje juu ya kamba nyembamba, uuzungushie uzi wa sufu kwa sindano, kisha ushonee utepe wa pamba kwa nyuma. Likihifadhiwa, livingirishe vitanzi vikiwa nje.