Je, yamekuelea unayosoma? Hatua za kujifunza fungu la Biblia, kwa mfano wa Yeremia 29

Bwana Yesu asifiwe.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiulizwa swali lile lile kwa sura tofauti. Mtu hutuma mstari mmoja, bila habari iliyoutangulia wala inayoufuata, kisha huuliza, "Mwalimu, huu una maana gani?" Nimeujibu Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," mara nyingi mno, na kila mara mwulizaji huondoka na jibu langu badala ya kuondoka na njia ya kulipata, kwa hiyo baada ya wiki mbili hurudi na mstari mwingine. Leo naiandika njia yenyewe, ili nikiulizwa tena nimwelekeze mtu hapa. Mfano wetu utakuwa Yeremia 29, kwa sababu mstari wake wa 11 umechapwa kwenye kalenda za ukutani na kadi za mahafali kila mahali, na kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuutumia vibaya na aliyeumia akawa mtu mwingine.

Hatua ya 1. Omba.

Hatua ya 2. Soma sura nzima kwa sauti, mara mbili, kabla ya kufungua kitabu chochote cha maelezo.

Hatua ya 3. Andika kwenye daftari: nani anasema, nani anaambiwa, wako wapi, na ni wakati gani. Katika Yeremia 29 majibu yote yamo katika mistari mitatu ya kwanza. Ni barua. Yeremia ameiandika akiwa Yerusalemu, na walioandikiwa ni wazee, makuhani, manabii na watu wote waliochukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, yaani mwaka 597 K.K. Hata waliobeba barua wametajwa, Elasa mwana wa Shafani na Gemaria mwana wa Hilkia.

Hatua ya 4. Soma kilichotangulia na kinachofuata. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilipewa zamu ya kutoa neno katika ibada ya nyumbani kwa mama mmoja mjane, ambaye kesi yake ya shamba ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara nyingi. Nilimsomea Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Kisha nikamwambia kwamba Mungu ameahidi, na kwamba kabla ya mwaka kwisha shamba litakuwa limerudi mikononi mwake. Mwaka ukaisha, kesi ikaendelea. Tulipofika tena kwake alifungua Biblia yake, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, ambacho alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu tarehe ya siku ile na maneno yangu, akakiweka mezani mbele yangu bila kusema neno. Mzee wa kanisa aliyekuwa pembeni akavaa miwani, akasoma kwa sauti mstari wa 10, ambao mimi sikuusoma siku ile. Unasema miaka sabini.

Sura ya 28 ndiyo iliyoniumiza zaidi nilipoisoma usiku ule. Humo nabii Hanania anasimama hekaluni na kutangaza kwamba baada ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya BWANA vitarudishwa pamoja na Yekonia na mateka wote. Anaiondoa shingoni mwa Yeremia ile nira aliyoivaa kuwa ishara ya kumtumikia mfalme wa Babeli, na kuivunja mbele ya watu. Hakutumwa, na mwaka ule ule akafa. Barua ya sura ya 29 inafuata mara baada ya habari hiyo, na inawaambia mateka kinyume cha maneno yake: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, ozeni watoto wenu, mwombeeni heri mji mliopelekwa, kwa maana katika amani yake ninyi mtapata amani. Nilimwahidi mama yule ahadi ya Hanania nikidhani namsomea ya Yeremia.

Kwa hiyo nakuonya juu ya mambo mawili. La kwanza, usiamini namba za sura na mistari kana kwamba ndizo mipaka ya wazo. Ziliwekwa baadaye sana, ili kutusaidia kutafuta. La pili, ukiona mstari unaanza na "maana", "basi", "kwa hiyo" au "lakini", rudi nyuma. Hakuna mtu anayeanza mazungumzo kwa neno "maana". Mstari wa 11 unaanza nalo, kwa kuwa unatoa sababu ya mstari wa 10: mtakaa huko muda mrefu, nami nitawarudisha, maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi. Mstari wenyewe ulikuwa unanielekeza nyuma, nami sikurudi.

Hatua ya 5. Fuatilia viambishi vya nafsi, yaani vipande vya maneno vinavyoonyesha kama anayetajwa ni mmoja au ni wengi. Hapa Kiswahili kimetubariki kuliko lugha nyingi ambazo neno moja husimama badala ya "wewe" na "ninyi". Soma Luka 22:31-32 polepole: "Simoni, Simoni, tazama, Shetani amewataka ninyi apate kuwapepeta kama vile vipepetwavyo ngano, lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike." Anayeitwa ni mmoja, wanaotakiwa na Shetani ni wote, anayeombewa ni mmoja tena, na mara baada ya hapo anaambiwa awaimarishe ndugu zake. Katika Yohana 3:7 vilevile, Yesu anazungumza na Nikodemo peke yake, anasema "nilikuambia", kisha anaendelea, "Hamna budi kuzaliwa mara ya pili." Nikodemo, mwalimu wa Israeli, ameambiwa neno linalowahusu na wenzake. Sasa rudi Yeremia 29:11. Ni "ninyi", ni "zenu". Ahadi ile ilipewa taifa lililo uhamishoni, na wengi wa wazee walioisikia ikisomwa walijua kwamba watazikwa Babeli.

Hatua ya 6. Chunguza maneno yaliyobadilika maana. Wengi wetu tunasoma Union Version, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1952, na Kiswahili hakikusimama tangu wakati huo. Katika Wagalatia 5:19 "ufisadi" umetajwa baada ya uasherati na uchafu, na katika Waefeso 5:18 umo ndani ya mvinyo. Ni maisha ya anasa zisizo na haya, wala si wizi wa fedha za umma. "Uzushi" katika orodha hiyo hiyo ya Wagalatia hauhusu habari za uongo za mitaani, bali makundi yanayolipasua kanisa kwa mafundisho. "Kiasi" katika mstari wa 23 ni kujitawala. Nimesikia hubiri zima juu ya "moyo wa kiasi" wa 2 Timotheo 1:7 likieleza kwamba Mungu hapendi vitu vingi. Mhubiri alikuwa mkweli wa moyo, lakini Paulo alikuwa akimwambia Timotheo habari ya mtu anayejimudu wakati hofu inapomsogelea.

Hatua ya 7. Linganisha tafsiri mbili, kwa mfano Union Version na Habari Njema. Zinapotofautiana, weka alama na uchunguze sababu.

Hatua ya 8. Andika kwa sentensi moja fungu lilimaanisha nini kwa waliolipokea kwanza. Ukishaiandika, ndipo uulize linakuambia nini wewe. Usizipange kinyume.

MASWALI NA MAJIBU

Mgeni wa Jioni: Somo ni refu. Naomba muhtasari wa mistari mitatu, nina neno la kutoa leo saa kumi na moja.

Jibu: Soma Yeremia 28 na 29 kwa mfululizo, hazifiki nusu saa. Muhtasari wangu hautakufaa mbele ya watu wakikuuliza swali.

Kijana wa Kwaya: Mtumishi, Wafilipi 4:13 una maana gani?

Jibu: Hatua ya 3 na ya 4. Anza na mstari wa 10.

Kijana wa Kwaya: Nisamehe, nilikuwa sijasoma. Sasa nimesoma kuanzia mstari wa 10 hadi wa 20. Naona Paulo anawashukuru kwa msaada waliomtumia, na anasema amefundishwa "kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Kwa hiyo "mambo yote" ni hayo?

Jibu: Umeona vema, nami nafurahi kwamba umeliona mwenyewe. Ongeza na hili: katika sura ya 1 anataja kufungwa kwake mara kadhaa, kwa hiyo aliyeandika "nayaweza mambo yote" alikuwa na minyororo. Hasemi kwamba atashinda kila shindano analoingia. Anasema kwamba njaa haikumwondoa kwa Kristo, na shibe haikumwondoa. Wengi tunasahau hiyo ya shibe, nayo ni ngumu kama ile ya njaa.

Mlinzi wa Zamu: Mimi naona huku kuchambua viambishi ni elimu ya kibinadamu. Roho Mtakatifu ndiye mwalimu. Mnawafunga watu.

Jibu: Simfungi mtu, ndugu yangu, na hatua ya 1 sikuiweka kwa mapambo. Lakini katika Nehemia 8:8 Walawi walisoma torati na "wakaeleza maana yake", na Luka anasema wazi mwanzoni mwa Injili yake kwamba alizichunguza habari zile kwa usahihi tangu mwanzo. Yule towashi wa Kushi, katika Matendo 8, alikuwa na chuo, yaani kitabu, cha Isaya mkononi, na Roho ndiye aliyemtuma Filipo akimbilie gari lake, swali la kwanza la Filipo likawa, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Mimi nilimwambia mjane neno ambalo Mungu hakulisema, na siku ile niliamini kwamba naongozwa. Sitalirudia kosa hilo ili nionekane wa kiroho.

Mama wa Watoto Wanne: Mwalimu, nimelisoma somo lako lote na limenigusa, lakini limeniacha na huzuni. Mwanangu wa pili hana kazi huu mwaka wa tatu, nami nimekuwa nikiuombea mstari huo kila asubuhi. Je, niache?

Jibu: Usiache, mama. Aliyesema maneno hayo hajabadilika, na kinachojulikana juu yake katika barua ile ni kwamba hakuwasahau watu wake hata pale walipokuwa mbali kwa makosa yao wenyewe. Ninachokuomba ni kuuombea mstari pamoja na jirani zake. Mstari wa 11 una neno "amani", na mstari wa 7 una neno hilo hilo. Katika Kiebrania pia ni neno moja, shalom, lenye maana ya uzima na ustawi wa mambo yote. Mungu anayewawazia amani ndiye aliyewaambia watafute amani ya mji walimo. Basi mwombee mwanao, na mwombee pia apate cha kujenga na cha kupanda mahali alipo sasa, wakati bado anangoja. Usimwekee Mungu tarehe, na asitokee mtu akakuwekea wewe. Mistari ya 12 na 13 inasema wataomba naye atawasikiliza, watamtafuta na kumwona. Hayo hayakungoja miaka ikamilike.

Mpenda Historia: Swali langu ni la hesabu. Kutoka 597 K.K. hadi Koreshi, mfalme wa Uajemi, kuwaruhusu Wayahudi kurudi mwaka 538 K.K. ni miaka 59. Sabini inatoka wapi?

Jibu: Swali zuri, na wachunguzi wamelijibu kwa njia zaidi ya moja. Wapo wanaoanza na mwaka 605 K.K., Nebukadneza mfalme wa Babeli alipoanza kuitawala nchi ile, nao hufika karibu na sabini. Wapo wanaohesabu kutoka kubomolewa kwa hekalu mwaka 586 K.K. hadi kukamilika kwa hekalu la pili, karibu na mwaka 516 K.K., tukio lililoandikwa katika Ezra 6:15. Na wapo wanaoona sabini kuwa hesabu ya umri wa mtu, kama Zaburi 90:10 inavyosema. Angalia kwamba mstari wa 10 unaihesabu miaka hiyo kwa upande wa Babeli. Kisha fungua Danieli 9:2, umwone Danieli mwenyewe akisoma maneno ya Yeremia na kuihesabu miaka, na alipokwisha kufahamu hakutangaza siku. Aliingia katika maombi ya toba.

Mkulima: Kwa nini Biblia yangu inaandika BWANA kwa herufi kubwa mahali pengine, na Bwana mahali pengine?

Jibu: Herufi kubwa zote husimama mahali pa jina la Mungu lenye herufi nne katika Kiebrania. Zaburi 110:1 inavyo vyote viwili: "Neno la BWANA kwa Bwana wangu." Katika Habari Njema utakuta Mwenyezi-Mungu mahali pa BWANA.

Fundi Vitabu: Nyongeza ndogo kwa wanaoweka alama: tumieni penseli. Karatasi ya Biblia ni nyembamba, wino hutokea upande wa pili na kuufunika mstari mwingine.

Jibu: Asante. Nami niongeze kwamba mwenye uwezo atafute itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo, ili aone neno moja linavyotumika katika vitabu mbalimbali. Wanaotumia programu ya simu wazime ule mstari wa siku unaotokea peke yake, au wakiupokea waifungue sura yake nzima.

Kijana wa Kwaya: Mwalimu, nimejaribu hatua ya 5 kwenye 1 Wakorintho 3:16, ule tunaoutumia kuwakataza watu sigara. Imeandikwa "ninyi mmekuwa hekalu", na hekalu ni moja. Je, nimekosea?

Jibu: Hujakosea. Sasa soma sura hiyo kuanzia mstari wa 1, uone ugomvi wa "mimi ni wa Paulo" na "mimi ni wa Apolo", halafu uone mstari wa 17 unamwonya nani anayeliharibu hekalu hilo. Ukimaliza nenda 6:19, ambako anasema "mwili wenu", uandike tofauti ya mahali hapo pawili katika ukurasa mmoja wa daftari. Uniletee Jumapili baada ya ibada, tuusome pamoja.