Ulitengeneza Barabara ya Baraza Lililovunjwa? Dai Deni Lako Hivi

Mwaka 2013 mabaraza 175 ya miji, manispaa na wilaya nchini Kenya yalivunjwa, zikaja kaunti 47. Mkandarasi aliyemwaga maramu kwa tenda ya baraza hakuachwa mikono mitupu: kifungu cha 33 cha Jedwali la Sita la Katiba kinaifanya taasisi mpya kuwa mrithi wa ile ya zamani.

Kwanza soma kichwa cha mkataba. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka mbili za serikali ya kitaifa: KURA kwa barabara za mijini na KeRRA kwa za mashambani. Kama waliotia saini ni hao, wapo bado. Usimalize nauli kwenda kaunti.

Kisha karatasi: barua ya kupewa tenda, mkataba, LSO (oda rasmi ya kazi), invoisi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na, kuliko zote, cheti cha mhandisi cha kazi iliyopimwa. Picha za barabara hazina uzito. Nimeona faili nene ikirudishwa kwa sababu cheti kilisema mtaro wa mita 600, invoisi ikadai 900. Karatasi asili usiiache ofisini hata ukibembelezwa.

Mwandikie Katibu wa Kaunti, nakala kwa idara za fedha na barabara. Taja jina kamili la baraza, nambari ya tenda, barabara yenyewe, ulicholipwa na kilichobaki. Peleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe. Omba deni liingizwe katika orodha ya bili zisizolipwa, nawe ujibiwe kwa maandishi.

Jibu hilo lina thamani yake. Kesi ya mkataba dhidi ya serikali ina kikomo cha miaka 3, na deni la enzi za mabaraza limeshakipita zamani. Barua ya kaunti inayokiri deni humpa wakili wako pa kushika.

Wakinyamaza, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016 kuuliza kama dai lako limo orodhani. Wana siku 21. Zikipita, nenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, hulipi kitu.

Kama tayari una hukumu, usitume madalali kukamata magari ya kaunti, kwani mali ya serikali haikamatwi. Chukua cheti cha amri mahakamani, ikabidhi kaunti, na ikikaidi omba mandamus (amri ya mahakama ya kulazimisha wajibu utimizwe) dhidi ya afisa anayesimamia fedha. Hukumu hutekelezwa ndani ya miaka 12, kwa hiyo angalia tarehe ya yako leo.