Kabla ya kufunga paneli za sola Dar es Salaam, pima jua la mwaka mzima

Mteja alinipigia simu mwezi wa Juni: betri hazijai. Paneli nilizifunga mwenyewe mwezi wa Januari, paa likipigwa na jua kutwa nzima. Nilipopanda juu nikakuta kivuli cha mwembe wa upande wa kaskazini kimelala juu ya paneli mbili. Nilikuwa nimepima jua la Januari peke yake. Tangu siku hiyo sipandi paa la mtu kabla ya kufanya haya.

Hatua ya 1: Simika fimbo

Tafuta fimbo iliyonyooka, ibaki mita 1 juu ya ardhi tambarare, na uhakikishe kwa timazi kwamba iko wima. Kuanzia saa 6:00 hadi 6:45 mchana, tia alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 5. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho cha adhuhuri ya kweli, nacho hulala kwenye mstari wa kaskazini na kusini. Usitegemee saa 6 kamili. Saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 na Dar iko karibu nyuzi 39, kwa hiyo jua hufika juu kabisa kati ya saa 6:06 na 6:37, kutegemea mwezi.

Hatua ya 2: Jua linahama kiasi gani

Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na hubaki umeelekea upande uleule dunia inapolizunguka jua. Juni 21 jua la utosini liko Tropiki ya Kansa, nyuzi 23.4 kaskazini mwa ikweta. Desemba 21 liko Tropiki ya Kaprikoni, nyuzi 23.4 kusini. Dar iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo adhuhuri ya Juni jua letu huegemea kaskazini nyuzi 30.2 (23.4 + 6.8), na Desemba huegemea kusini nyuzi 16.6 (23.4 − 6.8).

Wengi huniambia joto la kaskazi linatokana na dunia kulisogelea jua. Ni kweli mapema Januari tuko karibu zaidi, kilomita milioni 147, na mapema Julai milioni 152. Lakini Januari hiyohiyo London wanatetemeka kwa baridi. Majira yanaletwa na mwinamo.

Hatua ya 3: Linganisha kivuli chako

Fimbo ya mita 1, adhuhuri:
- Juni 21: sentimita 58, kuelekea kusini
- Machi 20 na Septemba 23: sentimita 12, kusini
- Desemba 21: sentimita 30, kuelekea kaskazini

Karibu na Machi 3 na Oktoba 10 kivuli hupotea kabisa. Siku hizo usitafute mstari wa kaskazini kwa fimbo.

Hatua ya 4: Kagua vizuizi

Mti au ukuta ulio kaskazini, zidisha kimo chake juu ya paneli kwa 0.58. Mwembe unaozidi paneli kwa mita 6 utatupa kivuli cha mita 3.5 adhuhuri ya Juni. Kizuizi cha kusini, zidisha kwa 0.3 kwa ajili ya Desemba. Ongeza nafasi ya kutosha, maana asubuhi na alasiri vivuli hurefuka. Usidharau kivuli kidogo: seli zimeungwa kwa mfululizo, na chache zikifunikwa umeme wa paneli nzima hushuka.

Hatua ya 5: Funga

Elekeza paneli kaskazini. Mimi huziinamisha nyuzi 10 hivi, ili mvua ya masika ioshe vumbi.