Kabla ya Kuvaa Sare: Mambo ya Kupanga kwa Anayetaka Kudumu Kwenye Ambulensi

Kila zamu ya ambulensi huanza kwa ukaguzi. Mtungi wa oksijeni umebaki na kiasi gani, betri ya kifaa cha kushtua moyo imejaa, mashine ya kufyonza inavuta, miguu ya machela inakunjuka bila kugoma. Hakuna anayesubiri mgonjwa apaliwe ndipo ajue kwamba mashine haivuti. Ajabu ni kwamba wahudumu hao hao huingia kazini wakiwa hawajapanga lolote kuhusu nafsi zao, wakitumaini kwamba moyo utazoea tu. Kwa maoni yangu, wanaoimaliza kazi hii wakiwa bado na akili timamu na familia si wale wenye roho ngumu, ni wale waliojipanga. Na mipango mingi hupangika vizuri kabla ya zamu mbaya ya kwanza, kichwa kikiwa bado kimetulia.

Anza na matarajio. Moyo wa mtu ukisimama nje ya hospitali, hata katika nchi zenye huduma nzuri, anayerudi nyumbani akiwa hai ni takriban mmoja kati ya kumi. Maana yake ni kwamba mhudumu aliyefanya kila kitu sawasawa, aliyekandamiza kifua kwa kina na kasi inayotakiwa, bado atashuhudia vifo vingi kuliko mapigo yanayorudi. Asiyeijua hesabu hii mapema huandika kila kifo kwenye daftari la makosa yake.

Jua pia kwamba maumivu hayapimwi kwa wingi wa damu. Ajali ya kutisha yaweza kupita ukalala vizuri, halafu simu ya kawaida kabisa ikakung'ang'ania miezi: mtoto aliyevaa viatu kama vya mwanao, mzee mwenye sauti ya baba yako, mama anayekusihi uendelee ilhali wewe umeshajua. Kwa hiyo kabla hujaanza, na tena kila maisha yako yanapobadilika, kwa mfano umepata mtoto au umefiwa, jiulize ni tukio la aina gani litakukuta pabaya. Kisha mwambie mwenzako wa zamu. Akijua, ataweza kusema, "Huyu nitamhudumia mimi, wewe shika usukani," bila maelezo marefu barabarani.

Halafu jifunze kutofautisha maumivu ya kawaida na ugonjwa. Baada ya tukio zito, usingizi wa mang'amung'amu, picha zinazojirudia, kushtuka mlango ukibamizwa au chakula kutopita kooni ni mwitikio wa kawaida wa mwili, na kwa wengi hupungua wenyewe ndani ya wiki chache. Mpaka wanaoutumia madaktari ni mwezi mmoja. Dalili zikivuka hapo na zikavuruga kazi au nyumba, ndipo huzungumzwa ugonjwa wa msongo baada ya kiwewe, ulioingizwa kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Toleo la 2013 la mwongozo huo lilitaja wazi kwamba hata kukutana tena na tena, kwa sababu ya kazi, na yaliyowapata watu wengine kunaweza kuwa chanzo. Nalitaja hili kwa sababu wahudumu wengi hujinyima msaada kwa hoja ile ile: "Mimi sikupatwa na lolote, nilikwenda kusaidia tu."

Kuna jambo moja lisilosubiri mwezi, nalo ni mawazo ya kujidhuru au ya kuona heri usingeamka. Hayo ni dharura kama zile unazoitiwa, na yatendewe siku hiyo hiyo.

Dalili zinazochelewa kutambuliwa ni zile zisizofanana na huzuni. Hasira za mambo madogo. Kumdharau mgonjwa kabla hata hujamfikia. Kuendesha gari kwa kuzunguka ili usipite barabara fulani. Utani mchungu wa chumba cha mapumziko wenyewe haunitishi, umewashikilia wengi, lakini utani ukibaki ndiyo lugha pekee uliyo nayo, kuna kitu kimekauka. Mwenye dalili hizi huwa wa mwisho kuziona. Basi andika sasa hivi, ungali mzima, mambo mawili matatu ambayo watu wako wangeyaona kwanza ukianza kuharibika, umpe karatasi hiyo mtu mmoja wa nyumbani pamoja na ruhusa ya kukuambia bila kukuogopa.

Nyumbani, kosa la kawaida ni kunyamaza kabisa ili usiwabebeshe wengine mzigo. Siri za mgonjwa ni siri, na picha za kutisha hazina haja ya kufikishwa mezani, lakini hali yako wewe si siri ya mgonjwa. Kubalianeni mapema sentensi moja fupi ya kutumia ukirudi umechoka kuongea: "Leo ilikuwa mbaya, usiniulize, ila usiniache peke yangu." Bila makubaliano hayo, ukimya wako utatafsiriwa kuwa hasira au mapenzi yaliyopoa.

Mtaalamu naye atafutwe kabla. Saa nane usiku, mikono ikitetemeka, si wakati wa kuanza kupiga simu huku na kule ukiuliza nani anatibu kiwewe. Tafuta anayejua tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, au ile inayotumia miendo ya macho, EMDR, kwa kuwa hizo zimepimwa na zimesaidia wengi. Mwone mara moja ukiwa mzima, akujue, namba yake ikae kwenye simu.

Sasa fikiria dakika kumi baada ya tukio, maana hapo ndipo mipango mingi huishia kuwa karatasi. Mko uani mwa hospitali. Mmoja anafuta damu kwenye reli ya machela, mwingine anahesabu vifaa vilivyotumika, glavu zimegeuzwa ndani nje zikingoja kutupwa. Redio inauliza kama mko tayari. Kila mtu anajua jibu linalotarajiwa. Mnachotakiwa kuwa mmekubaliana siku nyingi nyuma ni kwamba kabla ya mmoja wenu kujibu, atamtazama mwenzake na kumuuliza, na kwamba jibu "bado" halihitaji utetezi. Kabla ya hapo ulizia ofisini: je, kuna kanuni inayowaruhusu kukaa kando kwa muda baada ya tukio zito, na ni nani mwenye mamlaka ya kuitoa ruhusa hiyo usiku?

Utakutana pia na vikao vya kukusanya kikosi kizima ili kila mmoja asimulie alichoona na alichohisi. Mtindo huo ulienea baada ya Jeffrey Mitchell, Mmarekani aliyewahi kuwa zimamoto na mhudumu wa dharura, kuuandika mwaka 1983. Nia ilikuwa njema. Tafiti zilizofuata, ingawa nyingi zilipima majeruhi na si wahudumu, hazikuonyesha kwamba kikao kimoja cha namna hiyo huzuia ugonjwa, na baadhi ya washiriki walizidiwa. Miongozo ya tiba ya Uingereza tangu 2005 inashauri kisitumike kama kinga. Kwa hiyo hudhuria ukipenda, ila usikubali kulazimishwa kusimulia. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia iliyoelezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 ni nyepesi zaidi: kumtazama mtu anahitaji nini, kumsikiliza kama anataka kuongea, na kumuunganisha na msaada. Mwenzako mwenye kikombe cha chai na subira anaweza kuyafanya hayo yote.

Usingizi nauweka mbele ya kila kitu kingine unachoweza kukidhibiti, na ndio unaopuuzwa kuliko vyote. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hutenda kama mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi humkataza dereva. Zamu ya usiku inafika huko bila shida, na hapo bado hujaendesha kurudi nyumbani. Panga kabla: chumba chenye giza la kweli, simu nje ya chumba, watu wa nyumbani wanaojua kwamba saa nne asubuhi ni usiku wako wa manane. Kahawa ya mwisho inywewe mapema kwenye zamu, kwani nusu ya kafeini huweza kuwa bado mwilini saa tano baadaye. Ukimaliza umechoka kiasi cha kusinzia kwenye taa za barabarani, lala hapo kituoni kwanza au tafuta wa kukuendesha.

Pombe huleta usingizi haraka na kuuvuruga nusu ya pili ya usiku, huku ikiahirisha kile ulichokuwa unakikimbia. Amua kanuni yako kabla: usinywe baada ya zamu mbaya. Siku njema ni suala lako.

Mgongo nao umewatoa wengi kazini kuliko ndoto mbaya zilivyowatoa, angalau kwa ninavyoona. Imarisha misuli ya miguu na kiuno, na usione aibu kuita mikono ya ziada ngazini.

Mwisho, mwajiri. Kuna maumivu yasiyotokana na maiti wala ajali. Ni yale ya kujua lililo sahihi na kuzuiwa kulitenda: mgonjwa anayezidiwa ndani ya gari wakati foleni ya kumpokea haisogei, au kituo kinachotuma mtu mmoja kwa kazi ya wawili. Wataalamu huliita jeraha la dhamiri, na halitibiwi kwa mazoezi ya kupumua. Ndiyo maana kabla ya kutia saini mkataba uliza zamu ni za saa ngapi na huongezwa mara ngapi, anayeomba msaada wa akili taarifa zake humfikia nani, na kama kuna kazi ya kituo cha simu, ukufunzi au ofisi unayoweza kuhamia kwa muda. Uliza wahudumu wenyewe, si meneja peke yake. Na tangu mshahara wa kwanza weka akiba kidogo, hata kama ni ya kukutosha mwezi mmoja tu, ili siku utakapohitaji kukataa zamu ya ziada uweze kuikataa.