Hita za Matofali na Bili ya Februari: Mwongozo kwa Mpangaji wa Uingereza

Wengi wetu tumekulia kwenye umeme wa kulipia kabla. LUKU Tanzania, tokeni Kenya, Yaka Uganda, Cash Power Rwanda: uniti zikikaribia kuisha mita inakuonya, unanunua nyingine au unalala giza. Ukiacha pasi imewaka, unajua jioni hiyohiyo. Uingereza mambo ni kinyume. Unahamia fleti mwezi wa tisa, kampuni ya umeme inakisia matumizi yako na kukata benki kiasi kilekile kila mwezi, nawe unaona mambo shwari. Februari inaingia barua: unadaiwa mamia ya pauni, na makato ya kila mwezi yanapandishwa maradufu. Wakati huo baridi bado haijaisha.

Nikiulizwa kuhusu bili ya namna hiyo, huwa sianzi kwa kuuliza hita zinawashwa saa ngapi kwa siku. Nauliza kwanza kama nyumba ina gesi. Ikiwa haina, na ukutani kuna masanduku mazito ya chuma yenye matundu juu na swichi pembeni, basi hizo ni hita za kuhifadhi joto. Hapa nitaziita hita za matofali, maana ndicho kilichomo ndani. Kwa hita hizi bili kubwa ni nadra kusababishwa na joto jingi. Kinachoumiza ni saa. Uniti ileile, ukiitumia nje ya saa zake, unailipia mara mbili au zaidi.

Jinsi zinavyofanya kazi

Usiku umeme unapasha matofali yale mpaka yanakuwa ya moto sana, kisha yanatoa joto mchana kutwa huku umeme umezimwa, kama mafiga yanavyobaki na moto baada ya kuni kuisha. Mpango wa bei unaoendana nazo unaitwa Economy 7 na upo tangu 1978. Unapata saa saba za bei nafuu usiku, na kwa kubadilishana, bei ya mchana ni kubwa kuliko anayolipa mwenye mpango wa bei moja. Hapo ndipo penye mtego. Economy 7 si punguzo, ni makubaliano: ukitumia vibaya, unaishia kulipa kuliko jirani asiye nayo.

Tuchukue bei za mfano, peni 15 usiku na peni 32 mchana (zako zimeandikwa kwenye bili, zitumie hizo). Hita ya kawaida ya sebuleni yenye kilowati 2.55, ikijaa kwa saa saba, inakula uniti 17.85. Ukiwa nazo mbili ni uniti 35.7 kwa usiku mmoja, yaani pauni 5.36. Kwa mwezi ni kama pauni 160. Si kidogo, lakini ni bei ya kupasha nyumba nzima wakati wa baridi kali. Sasa chukua uniti hizohizo zihesabiwe kwa bei ya mchana: zaidi ya pauni 340. Nyumba ina joto lilelile, bili ndiyo imebadilika.

Saa zenyewe hazifanani nchi nzima. Sehemu nyingi ni kati ya saa sita usiku na saa moja asubuhi, au saa sita na nusu mpaka saa moja na nusu, na kuna mita zinazogawa saa hizo vipande viwili. Tena, mita nyingi za zamani hazijui habari ya kusogeza saa mwezi wa tatu. Hubaki kwenye saa za majira ya baridi mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi bei nafuu inaanza saa saba na nusu usiku na kwisha saa mbili na nusu asubuhi. Usibahatishe. Piga simu kampuni yako, uliza saa kamili za mita yako, ziandike kwenye karatasi uibandike karibu na mashine ya kufulia.

Vitufe viwili vinavyochanganya watu

Juu ya hita, mara nyingi chini ya kifuniko kidogo, kuna vitufe viwili vya kuzungusha. Kimoja kimeandikwa INPUT, au CHARGE. Hicho kinaamua utaweka akiba ya joto kiasi gani usiku wa leo kwa ajili ya kesho. Kingine kimeandikwa OUTPUT, au ROOM TEMPERATURE. Hicho kinafungua kilango cha ndani ili joto litoke haraka zaidi.

Kosa ninalolikuta kila mara ni hili: mtu anaona baridi usiku, anazungusha OUTPUT mpaka mwisho, analala. Usiku kucha matofali yanapokea moto na kilango kiko wazi, joto linamwagika chumbani wakati watu wamejifunika blanketi. Saa tisa alasiri watoto wakirudi shule, hita imepoa. Hapo ndipo watu wanakwenda dukani kununua kihita cha feni cha pauni 20. Kihita hicho cha kilowati 2 kikiwaka saa sita kwa siku kwa bei ya mchana ni pauni 3.84 kila siku, pauni 115 kwa mwezi, kwa chumba kimoja tu. Ile hita ya matofali ya sebuleni ikijaa kabisa kwa bei ya usiku inakula pauni 2.68 na inatoa joto zaidi. Nimeona nyumba ambazo hita za matofali zimezimwa kabisa kwa kuogopewa, na vihita vya feni viwili vinanguruma kutwa. Ni kumkimbia paka ukaangukia kwa chui.

Utaratibu unaofanya kazi: kabla ya kulala, OUTPUT ishuke mpaka chini kabisa. INPUT iweke kulingana na utabiri wa hali ya hewa wa kesho. Anza na katikati, ongeza kukiwa na theluji, punguza kukiwa na joto. Asubuhi acha OUTPUT chini, kwani sanduku lenyewe linatoa joto la kutosha bila kufunguliwa. Jioni kuanzia saa kumi na moja hivi, ndipo uifungue. Mabadiliko ya INPUT utayaona kesho, si leo, na hilo linahitaji uvumilivu.

Kuna kitufe cha tatu kwenye baadhi ya hita, BOOST. Hicho kinatumia umeme wa moja kwa moja, kwa bei ya saa hiyo. Kinafaa kwa nusu saa ya dharura. Kikiachwa kimewaka, ni kile kihita cha feni kwa jina jingine.

Hita mpya zenye kioo cha namba hujipangia zenyewe kiasi cha akiba ukishaziambia ratiba yako. Kama unazo, zielekeze mara moja kisha uziache. Na ziwe mpya au kuukuu, usianike kanga wala sare ya kazi juu yake. Hita hizi huunguza nguo, na zile za kabla ya katikati ya miaka ya 1970 nyingine zina asbesto ndani (nyuzi zinazodhuru mapafu), kwa hiyo usijaribu kuzifungua mwenyewe.

Nenda kwenye mita kabla ya kulaumu hita

Mita ya Economy 7 ina hesabu mbili: LOW au NIGHT, na NORMAL au DAY, nyingine zinaandika tu RATE 1 na RATE 2. Piga picha zote mbili kabla ya kulala, piga tena asubuhi mapema. Hesabu ya usiku inapaswa kuwa imepanda sana na ya mchana isogee kidogo.

Rafiki yangu mmoja wa Leicester, muuguzi, alinipigia akiamini mwenye nyumba anamwibia. Tulifungua kabati la mita pale mlangoni, tukamulika kwa tochi ya simu. Mita ilikuwa sawa na hita zilikuwa sawa, zikijaa usiku kama kawaida. Bili ndiyo iliyokuwa na mstari mmoja tu wa bei. Alipohamia alitafuta mpango kwenye tovuti ya kulinganisha bei, akachagua uliokuwa juu ya orodha, nao ulikuwa wa bei moja. Umeme wake wa usiku ulikuwa unahesabiwa kwa peni 26 badala ya 15. Kwa zile hita mbili za mfano wetu, hiyo ni karibu pauni 280 kwa mwezi badala ya 160. Aliomba kuhamishiwa Economy 7 na suala likaisha hapo, ingawa deni la nyuma lilibaki.

Makosa mengine ya kutafuta: hesabu mbili zimebadilishana kwenye kumbukumbu za kampuni, yaani uniti zako za usiku zinatozwa bei ya mchana. Linganisha picha zako na bili, mstari kwa mstari. Pia angalia kama bili imeandikwa "estimated". Hiyo ni bili ya kukisia, na dawa yake ni kutuma namba halisi kila mwezi.

Halafu kuna suala la redio. Tangu miaka ya 1980, mita nyingi za aina hii ziliamriwa kubadili bei kwa ishara iliyopita kwenye masafa marefu ya BBC, kilohezi 198. Huduma hiyo ilianza kuzimwa kwa awamu tarehe 30 Juni 2025. Ukikuta kando ya mita kisanduku kilichoandikwa Radio Teleswitch, idai mita janja (smart meter) haraka, haina malipo. Mita isiyopata ishara inaweza kuacha hita zikiwaka saa zisizo zake, au zisiwake kabisa. Fundi akishaweka mita mpya, fanya tena kipimo cha picha usiku huohuo. Mchana gusa hita uone kama zinazidi kuwa moto wakati zinapaswa kupoa.

Kwa wanaofanya kazi zamu ya usiku

Ndugu zetu wengi wako kwenye nyumba za wazee, hospitali na maghala, na miongozo ya kampuni za umeme imeandikwa kwa mtu anayetoka asubuhi na kurudi jioni. Wewe unarudi saa mbili asubuhi. Kwako OUTPUT ifunguliwe ukiingia, ifungwe unapoondoka jioni. Hilo ni rahisi, tena unayatumia matofali yakiwa ya moto zaidi. Kama kesho una zamu mbili mfululizo au unakwenda London kwenye harusi, shusha INPUT leo usiku, la sivyo unapasha fleti tupu.

Kinachouma ni mengine: kufua, kukausha nguo, kupika maharage saa mbili nzima, vyote vinaangukia mchana. Watu watakushauri utege mashine ya kufulia ijiwashe usiku. Vikosi vya zimamoto vinashauri usiache mashine hizo zikifanya kazi umelala au haupo, nami nipo upande wao, hasa kwa mashine ya kukaushia. Afadhali ufue siku ya mapumziko asubuhi na mapema kabla bei haijapanda. Na jumlisha uniti zako za mwaka mzima, si za Januari peke yake: usiku ukiwa chini ya kama asilimia 40 ya matumizi yote, linganisha na mpango wa bei moja. Inawezekana Economy 7 haikufai.

Tangi la maji moto nalo ni hita. Mara nyingi lina swichi mbili, ya chini kwa usiku na ya juu kwa dharura. Hakikisha ile ya juu imezimwa. Kiangazi kikifika, zima hita za matofali ukutani na uache tangi.

Bili ikishakuja

Usisitishe malipo kimyakimya. Andika malalamiko rasmi, ambatisha picha za mita. Kampuni haiwezi kukudai umeme uliotumia zaidi ya miezi 12 iliyopita ikiwa kosa la kutokukutumia bili sahihi lilikuwa lao. Wasipomaliza shauri ndani ya wiki nane, lipeleke kwa Energy Ombudsman, msuluhishi huru wa malalamiko ya nishati. Ni bure, na uamuzi wake unaifunga kampuni ukiukubali. Deni lililo halali omba ulilipe kidogokidogo kulingana na kipato chako. Citizens Advice, shirika la ushauri wa bure, watakusaidia kuandika, na Scotland wapo Advice Direct Scotland.

Wenye viza isiyoruhusu fedha za umma (no recourse to public funds) huogopa kuomba chochote. Ushauri wa Citizens Advice hauhesabiki kama fedha za umma, wala misaada ya mifuko ya hisani iliyoanzishwa na kampuni za umeme. Misaada ya serikali ndiyo uulize kabla ya kuiomba, kama viza yako inairuhusu. Mama mjamzito, mwenye mtoto chini ya miaka mitano au anayeishi na mzee aombe pia kuandikishwa kwenye Priority Services Register, orodha ya kampuni ya wateja wanaohitaji msaada wa ziada.

Aliyepanga chumba na kulipia umeme kwa mwenye nyumba aombe kuona bili. Mwenye nyumba haruhusiwi kukuuzia uniti kwa bei ya juu kuliko aliyoinunulia.

Na kama bado unatafuta nyumba, weka anwani kwenye tovuti ya serikali ya vyeti vya matumizi ya nishati kabla hujaenda kuiona. Cheti kinaandika aina ya hita na daraja la nyumba, kutoka A hadi G. England na Wales nyumba ya kupangisha inapaswa kuwa angalau E, isipokuwa iwe na msamaha ulioandikishwa. Ukifika, omba ufunguliwe kabati la mita, piga picha, uliza kampuni gani inauza umeme hapo na kama mita inasoma bei mbili. Dalali asiyeweza kujibu hilo akuulizie kwa mwenye nyumba kabla hujatoa amana.