Namna ya kuichunguza tabia ya Mungu katika Biblia bila kulikimbilia jibu

Msomaji anayefungua Biblia akiwa na swali pana kama «Mungu yukoje?» mara nyingi huifunga akiwa na majibu mengi yasiyoshikana, kwa kuwa vitabu hivyo viliandikwa na watu wengi, katika karne nyingi, na kila kimoja kina jambo lake. Kazi ya kwanza, basi, ni kulibana swali. Andika kwenye daftari jambo hasa linalokusumbua, kwa maneno yako na bila kulipamba: je, Mungu huwaadhibu watoto kwa makosa ya wazazi wao? Je, hubadili nia? Kwa nini anaonekana mkali hapa na mpole pale? Swali lililobanwa hivyo lina mahali pa kuanzia, na pia hukuonyesha mapema kama limetoka kwenye maandiko au limetoka kwenye jeraha. Mtu aliyefiwa anapouliza kama Mungu ni mwema, kumpa orodha ya mistari ni kumwongezea mzigo. Huyo aanze na Zaburi za maombolezo, na uchambuzi usubiri.

Kwa wengine wote, nashauri kuanzia Kutoka 34:6-7. Hapo Mungu mwenyewe anatangaza jina lake na tabia yake mbele ya Musa, na waandishi wa baadaye wa Agano la Kale wanayarudia maneno hayo tena na tena kuliko tamko lingine lolote la aina yake. Usiisome mistari hiyo miwili peke yake. Anzia sura ya 32, ambapo watu wametengeneza ndama ya dhahabu na Musa amezivunja mbao za mawe chini ya mlima, kisha pitia sura ya 33, ambapo Musa anaomba kuuona utukufu wa Mungu. Ukifika sura ya 34 ukiwa umepita njia hiyo, utaona kwamba maneno kuhusu huruma, fadhili na hasira isiyo nyepesi yanatamkwa mara tu baada ya taifa kuvunja agano, wakati ambapo msikilizaji angetarajia kuambiwa kwamba yote yamekwisha. Utaona pia kwamba tamko hilo lina upande wa pili ambao wahubiri wengi hupenda kuukata: Mungu hamhesabii mwenye hatia kuwa hana hatia, na uovu wa baba huwafikia watoto hata kizazi cha tatu na cha nne. Iandike sehemu hiyo pia. Uchunguzi unaoacha nje nusu ya maneno umeshaamua jibu kabla ya kuanza.

Sasa fuatilia maneno hayo yanavyosafiri. Kwa kutumia marejeo ya pembeni mwa Biblia yako, au itifaki (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo) ukiipata, tafuta Hesabu 14:18, Nehemia 9:17, Zaburi 86:15, 103:8 na 145:8, Yoeli 2:13, Yona 4:2 na Nahumu 1:3. Kwa kila mahali andika mambo matatu: nani anasema, anamwambia nani, na ni sehemu gani ya tamko ameichukua au kuiacha. Kazi hii inaweza kuonekana ya karani, lakini ndiyo inayozaa matunda mengi kuliko zote.

Chukua Yona na Nahumu, manabii wawili wanaousema mji mmoja, Ninawi. Yona anayatamka maneno ya Kutoka kama lalamiko: alikimbia, anasema, kwa sababu alijua kwamba Mungu ni mwenye neema, si mwepesi wa hasira, na kwamba angeghairi kuuangamiza mji uliotubu. Kwake, huruma ya Mungu ndiyo kero yenyewe. Nahumu, akiutangazia mji huohuo hukumu, anaanza na maneno yaleyale kwamba Mungu si mwepesi wa hasira, lakini anayafuatisha na uweza wake mwingi na kukataa kwake kumwachilia mwenye hatia. Ninawi ulianguka mwaka 612 kabla ya Kristo. Msomaji anayemfuata Yona pekee atamwona Mungu asiyehukumu kamwe, na anayemfuata Nahumu pekee atamwona Mungu asiyesamehe. Waliovikusanya vitabu hivi waliviweka vyote viwili katika mkusanyo mmoja wa manabii 12, kimoja karibu na kingine, nasi hatuna ruhusa ya kuwa wajanja kuliko wao kwa kukitoa kimoja.

Fanya vivyo hivyo na ule mstari wa kizazi cha tatu na cha nne. Ukifika Ezekieli 18 utakuta watu wa uhamishoni wakiitumia mithali ya baba waliokula zabibu kali na watoto waliotiwa ganzi meno, wakijiona wanabeba deni la wengine, na nabii anaikataza mithali hiyo waziwazi: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kumbukumbu la Torati 24:16 inaweka kanuni hiyohiyo kwa mahakama za Israeli. Rudi Kutoka 34 sasa, ukapime uwiano uliomo: rehema inafika kwa maelfu, adhabu inafika kizazi cha nne. Wengi huona hapo maelezo ya jinsi madhara ya dhambi yanavyoenea ndani ya nyumba moja yenye vizazi vinavyoishi pamoja, huku Ezekieli akishughulikia swali la nani anahesabiwa hatia. Naliona jibu hilo kuwa zuri, ingawa halimalizi kila kitu, na msomaji aliandike kama jibu linalowezekana.

Swali la nani anasema lina uzito wa pekee katika kitabu cha Ayubu. Hotuba ndefu za Elifazi, Bildadi na Sofari zimejaa sentensi tamu kuhusu haki ya Mungu, na mtu anaweza kuzinukuu maisha yake yote asijue kwamba katika 42:7 Mungu anawaambia Elifazi na wenzake wawili kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake. Kabla ya kuandika «Biblia inasema» hakikisha umejua ni nani ndani ya Biblia aliyesema.

Baada ya hayo ingia kwenye sura ngumu, na uchague moja tu. 1 Samweli 15 inafaa kwa mazoezi kwa sababu inabeba maswali mawili kwa pamoja. La kwanza: katika mstari wa 11 Mungu anajuta kumtawaza Sauli, katika mstari wa 29 Samweli anasema kwamba Mungu si mwanadamu hata ajute, na katika mstari wa 35 msimulizi anarudia kwamba Mungu alijuta. Mistari hiyo iko kwenye ukurasa mmoja, kwa hiyo mwandishi hakusahau alichokiandika. Anataka tushike mambo mawili: kwamba Mungu huguswa kweli na anachofanya mtu aliyemchagua, na kwamba habembelezwi wala kuyumba kama mfalme anayevutwa vazi. Soma pia Yeremia 18:7-10, ambapo Mungu anaeleza kwamba tangazo lake la hukumu hugeuka taifa linapogeuka. Ukishaisoma hiyo, kughairi kwake na uthabiti wake havionekani tena kugombana sana.

Swali la pili ni zito zaidi, nalo ni amri ya mstari wa 3 ya kuwaua Waamaleki, wanawake na watoto wachanga wakiwamo. Usiruke. Wapo wanaosema kwamba hii ni lugha ya vita ya zama hizo, yenye kukuza mambo, nao huonyesha kwamba Waamaleki wanatokea tena wakiwa hai katika sura ya 27 na ya 30. Wapo wanaoisoma kama hukumu iliyocheleweshwa kwa shambulio la Kutoka 17. Wapo pia wanaosema kwamba Israeli walimwelewa Mungu kwa kadiri ya nuru waliyokuwa nayo. Kwa kila maelezo andika mstari unaoyaunga mkono na mstari unaoyakataa. Utagundua kwamba kila moja linaacha kitu kisichoelezwa, na ni afadhali kuandika «hapa sijaridhika» kuliko kujilazimisha amani usiyokuwa nayo.

Ugumu huo ndio uliomfanya Marcion, mwalimu wa Kikristo wa karne ya 2, afundishe kwamba Mungu wa Agano la Kale si Baba wa Yesu. Kanisa la Roma lilimtenga mwaka 144. Mkristo anayesoma leo hukutana na kishawishi hichohicho, kwa hiyo ni vyema kupima matokeo yako kwa Kristo bila kuwagawa Mungu wawili. Katika Yohana 14:9 Yesu anasema kwamba aliyemwona yeye amemwona Baba. Katika Luka 13:1-5, akiletewa habari za Wagalilaya waliouawa, anawataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu na kukana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine, kisha papo hapo anawaita wasikilizaji watubu. Upole na onyo vimo katika kinywa kimoja, kama vilivyomo katika Kutoka 34.

Kuhusu zana, sina mengi. Tumia tafsiri mbili, moja ya kukariri na moja ya lugha nyepesi. Kumbuka kwamba mgawanyo wa sura ni wa karne ya 13 na namba za mistari ni za karne ya 16, kwa hiyo usikubali zikukatie hoja ya mwandishi katikati. Vitabu vya ufafanuzi vifungue baada ya kuandika uliyoyaona mwenyewe, la sivyo utaona kile tu ulichoambiwa uone. Na ukiweza, kaa na mtu mmoja au wawili wasiokubaliana nawe kwa urahisi.

Maswali yatakayobaki yaandikie ukurasa wake. Habakuki anaanza kitabu chake kwa kuuliza atalia hata lini, na Zaburi ya 88 inafikia mwisho bila faraja yoyote, lakini zote mbili zimo ndani ya Biblia kama sala. Lichukue swali moja kutoka ukurasa huo, libane, tafuta nani anasema na kwa nani, kisha anza tena kutoka Kutoka 32.