SOMO: Umbali na muda wa ndege Mwanza–Bukoba, kwa kalamu na karatasi

Nimeulizwa hili mpaka nimechoka. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Chukua majira-nukta, yaani latitudo (kaskazini-kusini) na longitudo (mashariki-magharibi) ya kila uwanja. Uwanja wa Mwanza: 2°27′ kusini, 32°56′ mashariki. Bukoba: 1°20′ kusini, 31°49′ mashariki.

2. Toa. Hapa ndipo nilipoumbuka, someni taratibu. Alama ° ni nyuzi, ′ ni dakika, na nyuzi moja ina dakika 60, SI 100. Siku moja kijiweni Kirumba tulibishana Mwanza–Kilimanjaro. Kilimanjaro iko 37°04′ mashariki. Mimi na kikokotoo cha simu nikaandika 37.04 kutoa 32.56, nikapata 4.48, nikatangaza kilomita 510 kwa sauti kubwa. Mzee mmoja fundi saa akachukua kipande cha boksi, akakopa nyuzi moja: 36°64′ kutoa 32°56′ ni 4°08′. Ukiunganisha na tofauti ya kaskazini-kusini kwa hatua ya 4, jibu ni kilomita 472. Kreti la soda nililipa mimi. Kwa hiyo ukikopa, kopa 60. Na usiandike dakika kama desimali, HATA KAMA majibu yanaonekana mazuri.

Kwa Bukoba unapata 1°07′ na 1°07′, yaani dakika 67 kila upande.

3. Dakika moja ya nyuzi (′) ni maili moja ya baharini, kilomita 1.852.

4. Pythagoras: 67² + 67², kipeuo chake ni kama maili 94.8. Kilomita 175.

5. Muda: ndege aina ya ATR 72 hukata kama kilomita 500 kwa saa, hivyo dakika 21. Mimi huongeza 15 za kupanda, kuzunguka na kushuka.

Mtoto wa Igoma: Kwa hiyo ni km ngapi mkuu?

Hatua ya 4.

Dereva Mstaafu: Uongo. Nimeendesha Bukoba miaka mingi, ni kama 400.

Hiyo ni barabara, mzee wangu: Busisi, Geita, Biharamulo, Muleba. Unazunguka ziwa. Ndege haina shida na Biharamulo.

Nshomile: Shuleni longitudo tulizidisha kwa kosaini ya latitudo. Umeiacha makusudi?

Swali zuri sana ndugu yangu. Makusudi. Karibu na ikweta kosaini ni 0.999 na kitu, dakika ya longitudo inapungua kama mita moja tu. London dakika hiyo hiyo ni mita 1,150 hivi, huko ukiiacha umepotea. Na ona, 67 kwa 67: Bukoba ipo kaskazini-magharibi kamili.

Mama Dagaa: Tiketi imeandikwa 07:10, nifike saa ngapi?

Dada, hiyo ni saa moja na dakika kumi asubuhi, siyo saa saba. Uwe uwanjani saa kumi na moja alfajiri.

Nshomile: Na kiti je?

Kushoto, uone kisiwa cha Kome, halafu cha Rubondo kwa mbali. Bawa la ATR liko juu ya dirisha, halikuzibii. Ukerewe iko kulia, wenyeji wake watanisamehe.